Kabla hujampa fundi shafti yako: beringi na kola za kukazwa kwa presi

Wiki iliyopita jamaa mmoja wa Kipini alinipigia simu. Ameagiza shafti mbili za nyuma za Hilux yake kutoka ng'ambo, zile za chuma kigumu, maana za mwanzo moja ilimvunjikia mchangani akiwa na mzigo wa samaki. Mzigo umefika Mombasa, ameutoa, na sasa anauliza: beringi na kola zitiwe wapi? Fundi wa karibu yake amemwambia asihangaike, ampe nusu saa tu, ana nyundo nzito na kipande cha paipu.

Nilimwambia asithubutu. Kisha nikafikiri kwamba si yeye peke yake. Kuanzia Lamu mpaka Vanga watu wengi wanaimarisha gari zao kwa ajili ya mchanga, matope na mzigo, na wengi hununua shafti nzuri halafu wakaiharibu siku ya kuitia beringi. Basi nimeona niandike hapa kila kitu mahali pamoja, mtu ahifadhi na amwonyeshe fundi wake.

Kazi hii mimi nilijifunzia bara, kwanza Thika, baadaye Ruiru. Kwa hiyo mengi nitakayosema nimeyaona huko.

Kwa nini Thika na Ruiru

Thika ni mji wa viwanda tangu zamani. Wako waliouita Birmingham ya Kenya. Mwaka 1974 ilianzishwa huko Leyland Kenya, kiwanda cha kuunganisha magari, ambacho mwaka 1989 kilibadilishwa jina kikawa Kenya Vehicle Manufacturers. Land Rover nyingi tulizozijua utotoni ziliunganishwa pale. Mji wa namna hiyo huzaa mafundi wa kukereza chuma, mafundi wa presi na watu waliozoea kushika maikromita kabla ya kushika nyundo.

Tena kuna kazi. Malori ya mawe ya Ndarugo hutoka machimboni kule Juja usiku na mchana, matrekta ya mashamba ya mananasi hayapumziki, na matatu za Hiace zimejaa njia nzima ya Thika hadi Nairobi. Kila siku kuna ekseli mezani. Wapo pia wateja wa mashindano ya nyikani kama Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989 kuchangia hifadhi ya msitu wa Aberdare. Hao ndio huja na shafti za kuagiza, na hao ndio humfundisha fundi kwamba chuma ghali hakivumilii kazi rahisi.

Jua kwanza shafti yako ni ya aina gani

Ekseli ya nyuma ni ya aina mbili. Ya kwanza, shafti huzungusha gurudumu tu, haibebi uzito. Gurudumu limekaa juu ya habu yenye beringi zake mbili, na habu imekaa juu ya ekseli yenyewe. Ukivunja shafti, gurudumu linabaki mahali pake. Pikapu ya Land Cruiser ya mfululizo wa 70 iko hivyo, na Land Rover Defender pia. Kama una gari la aina hii, shafti yako haina beringi ya kukaza. Makala haya si yako, ila yasome umwambie jirani.

Aina ya pili, shafti huzungusha gurudumu na pia hubeba uzito wa gari. Gurudumu limefungwa moja kwa moja kwenye flanji ya shafti, na shafti inashikwa na beringi moja iliyo mwisho wa ekseli. Hilux nyingi, Hiace na Suzuki Jimny ni za aina hii. Hapo ndipo penye beringi ya kukaza na kola ya kukaza.

Kola inafanya nini

Kola ni pete ya chuma, pana kama vidole viwili hivi, haina meno wala uzi. Ukiiona dukani utadhani ni washa nene. Kazi yake ni moja: kuizuia beringi isisogee kwenye shafti. Beringi nayo imefungwa kwenye ekseli kwa bamba na bolti nne. Sasa fuata mnyororo huu: ekseli inashika bamba, bamba linashika beringi, kola inaizuia beringi isiachane na shafti, na shafti imebeba gurudumu. Kola ikiteleza, gurudumu linatoka pamoja na shafti yake nzima.

Gari nyingine zina sakilipi nyuma ya kola kama akiba. Nyingine badala ya kola zina nati kubwa yenye washa ya kufungia. Lakini kwa gari lenye kola tupu na breki za dramu, hakuna kitu kingine kinachozuia gurudumu lisitoke. Na dramu ikienda na gurudumu, vipande vya breki hufunguka, mafuta ya breki humwagika, na pedali huzama. Unapoteza gurudumu na breki kwa wakati mmoja.

Niliiona hiyo Ruiru. Hilux ilivutwa uani kwetu ikiwa haina gurudumu la nyuma kushoto. Mahali fulani, sitapataja, walikuwa wamembadilishia mwenyewe beringi, wakarudisha kola ile ile ya zamani. Kwa kuwa iliingia kwa ulaini, wakaidondolea weldi sehemu tatu ili ishike. Ilishika wiki chache. Dereva alisalimika kwa kuwa alikuwa akipanda kilima, hana mwendo. Ingekuwa anateremka na watu nyuma, tungekuwa tunazungumza mengine.

Shafti mpya inakupa nini, na nini haikupi

Shafti za kuagiza mara nyingi ni za chuma cha aloi kinachoitwa 4340. Ndani yake mna nikeli karibu asilimia 1.8, kromu karibu asilimia 0.8 na molibdenamu kidogo. Chuma hiki kikipikwa vizuri kiwandani huvumilia kupindwa kama kamba kuliko chuma cha kaboni cha kawaida. Ndiyo maana hakikatiki upesi gurudumu likinasa mchangani nawe umekanyaga mafuta.

Lakini beringi ni ile ile. Ukubwa wake haukubadilika, nafasi yake ndani ya ekseli haikubadilika. Kwa hiyo ukitia matairi makubwa na shafti ngumu, udhaifu unahama: sasa unakaa kwenye beringi, kola na difu.

Tahadhari zaidi kwa wale wanaopenda kutanua magurudumu kwa vipande vya kuongeza upana. Tuseme gurudumu moja limebeba kilo 600, na katikati ya tairi iko milimita 80 nje ya beringi. Ukiongeza kipande cha milimita 30, umbali unakuwa 110. Uzito ni ule ule, lakini nguvu ya kuikunja shafti imepanda kwa zaidi ya theluthi, na beringi ndiyo inayoumia.

Kununua beringi

Soma namba iliyochongwa pembeni ya beringi ya zamani, usiamini jina la gari peke yake. Kwa beringi za gololi za kawaida, tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha mara 5 unapata kipenyo cha tundu kwa milimita, kuanzia 04 kwenda juu. Beringi ya 6308, kwa mfano, tundu lake ni milimita 40, upana wa nje 90 na unene 23. Ukijua hilo, muuza duka hawezi kukupa "inayofanana".

Angalia pia kama baada ya namba kuna C3. Maana yake beringi ina nafasi ya ndani kubwa kuliko kawaida. Si kasoro. Beringi ikikazwa kwenye shafti, pete ya ndani hutanuka kidogo na kuila nafasi hiyo. Ukiweka isiyo na C3 mahali palipotaka C3, gololi zitabanwa, zitapata moto, na utailaumu kampuni bure.

Beringi bandia zimejaa madukani. Maandishi yaliyofifia, boksi lenye rangi za kupauka na bei ya ajabu ni dalili. Kampuni ya SKF ina programu ya simu ya kukagua bidhaa zake, itumie. Na kola nunua mpya kila mara. Kola iliyowahi kukazwa imeshatanuka, haishiki tena kama mara ya kwanza. Bei yake ni ndogo mno ukilinganisha na shafti, sembuse na roho ya mtu.

Vipimo kabla ya nguvu

Hapa ndipo fundi wa kweli anapojulikana. Kukaza maana yake shafti ni nene kuliko tundu, lakini kwa kiasi kidogo sana, sehemu chache za mia za milimita. Jicho halioni, na venia ya kawaida haitoshi. Inatakiwa maikromita.

Pima kikalio cha beringi kwenye shafti mahali patatu kwa urefu, kisha zungusha shafti robo na upime tena. Kama vipimo vinatofautiana, kikalio si duara au kimechongwa mshazari. Kwa beringi ya tundu la milimita 40, kawaida shafti huwa kati ya 40.01 na 40.025. Ikiwa ni 40.00 au chini, beringi itazunguka juu ya shafti na kuila. Ikiwa imezidi mno, pete ya ndani inaweza kupasuka.

Kola hukaza zaidi ya beringi, maana haina kazi nyingine ila kushika. Mimi nikipima kola ya ukubwa huo nikapata tofauti chini ya sehemu 5 za mia za milimita, nasita. Natafuta kola nyingine. Na kola inayoingia kwa mkono ikiwa baridi, usijadiliane nayo. Irudishe dukani.

Shafti za kuagiza zinahitaji kipimo hiki zaidi ya za kampuni, kwa kuwa aliyezitengeneza si yule aliyetengeneza beringi na kola. Hesabu pia meno ya shafti na upime urefu ukilinganisha na ya zamani, ukiziweka sambamba sakafuni. Ni jambo la dakika tano. Nimewaona watu wakikaza beringi kwanza, ndipo wakagundua shafti ya kulia na ya kushoto zimetofautiana urefu nao wamezichanganya.

Kutoa ya zamani

Kama unarudishia shafti ya zamani kazini, kola ya zamani hutolewa kwa kukatwa, haivutwi. Isage kwa grainda upande mmoja mpaka ibaki ngozi nyembamba, kisha weka patasi kwenye mfereji huo na piga mara moja. Itapasuka na kulegea. Grainda isiguse shafti hata kidogo. Mkwaruzo mdogo kwenye shafti ni mwanzo wa ufa, na ufa hukua kila gurudumu linapozunguka.

Vaa miwani, na ifunge beringi kwa gunia au turubai unapoiondoa kwa presi. Chuma cha beringi ni kigumu lakini hupasuka kama gilasi, na vipande vyake huruka.

Ukikuta kikalio kimelika, kuna ujanja wa mitaani wa kukidondoa kwa panchi ili vinundu viinuke na kubana beringi. Utabana siku mbili tatu. Vinundu husagika, beringi inaanza kuzunguka tena. Kujaza kwa weldi ni kubaya zaidi, hasa kwa chuma cha aloi: moto huondoa upishi wa kiwandani na kuacha mpaka mgumu unaokatika kama mhogo. Shafti iliyolika hivyo ni ya kubadilishwa.

Mpangilio: kosa langu mwenyewe

Mwezi wangu wa kwanza Thika nilipewa shafti ya Hiace nikaze beringi. Nilipima vizuri, nikasafisha vizuri, nikakaza vizuri. Nilipomaliza, nikaliona bamba la breki bado liko mezani. Mzee aliyekuwa akinifundisha akalitazama bamba, akanitazama mimi, akaniuliza: "Kijana, bamba utalipitishia wapi sasa?"

Halipiti popote. Upande mmoja kuna flanji, upande wa pili kuna beringi. Beringi mpya ilibidi itolewe, na beringi iliyovutwa kwa pete ya nje haifai tena, kwa sababu nguvu yote imepita kwenye gololi na kuzitia vishimo. Ililipwa kutoka mshahara wangu.

Tangu siku hiyo hupanga vitu vyote sakafuni kwa safu kabla sijagusa presi, na ningependa fundi wako afanye hivyo. Kwa gari nyingi safu huwa hivi, kuanzia flanji kwenda upande wa meno:

1. Kinga ya vumbi au mafuta, kama ipo.
2. Bamba la breki pamoja na bamba la kushikia beringi, au nyumba ya beringi.
3. Sili ya nje, mdomo wake ukielekea upande sahihi.
4. Beringi.
5. Kola.
6. Pete ya ABS, kama gari inayo.
7. Sakilipi, kama ipo.

Kila gari lina tofauti zake, basi piga picha ya zamani kabla hujaivunja. Simu unayo mfukoni.

Kukaza beringi

Presi ya haidroliki ya tani 20 inatosha kwa gari hizi. Iwe na geji, ili uone nguvu inavyopanda. Geji inayopanda taratibu bila kuruka ni dalili kwamba beringi inakwenda sawa. Ikiruka ghafla kabla beringi haijafika, simama. Imekwenda upande.

Safisha kikalio kwa thina uondoe mafuta ya kuzuia kutu, na hakikisha hakuna tone la maji wala punje ya mchanga. Sisi wa Pwani hewa yetu ina unyevu na chumvi. Shafti iliyolala wazi usiku mmoja asubuhi ina kutu nyembamba, ifute. Kisha paka mafuta mepesi ya injini kwenye kikalio cha beringi. Kikalio cha kola kiache kikavu kabisa.

Shafti isimame flanji juu, meno yakining'inia chini kupitia meza ya presi. Vibamba vya presi au kipande cha paipu kilichokerezwa viikamate beringi kwa pete ya ndani peke yake. Sheria hii haina ruhusa: beringi inayokazwa kwenye shafti husukumwa kwa pete ya ndani. Ukisukuma pete ya nje, gololi ndizo zinazobeba tani zote, zinachimba njia yao, na beringi itavuma tangu siku ya kwanza. Nyundo ina ubaya huo huo, ila kwa kishindo.

Sukuma mpaka beringi ikae kwenye bega la shafti. Pitisha kipimo cha unyoya cha 0.05 kati ya beringi na bega. Kikiingia popote, bado haijafika.

Kukaza kola, na habari ya moto

Kola ikazwe peke yake, baada ya beringi kukaa. Usizisukume zote mbili kwa pamoja, kwani hutajua ipi imekaza na ipi imeteleza.

Moto husaidia hapa. Chuma hutanuka kwa milimita 0.000012 kwa kila milimita moja, kwa kila nyuzi moja ya joto. Kola ya tundu la milimita 40 ukiipasha kutoka nyuzi 30 hadi 150, tundu hutanuka karibu sehemu 6 za mia za milimita. Hiyo inatosha kuifanya iingie bila presi kuguna sana, na ikipoa inashika barabara. Tumia oveni ya umeme au karai la mafuta lenye kipimajoto, na uwe makini na moto wa mafuta. Usitumie tochi ya gesi kwa kukisia: kola ikigeuka bluu imezidi.

Iingize ikiwa moto, ifikishe kwenye beringi kwa presi, na endelea kuibana sekunde chache, maana kola inapopoa hupenda kurudi nyuma. Iache ipoe yenyewe. Usimwage maji.

Beringi yenye sili zake na grisi ndani usiipashe zaidi ya nyuzi 80. Isiyo na sili, usivuke 120. Shafti yenyewe usiiguse kwa moto kabisa.

Wengine huuliza kuhusu kuilaza shafti kwenye barafu. Ukiitoa nyuzi 30 ukaishusha mpaka 18 chini ya sifuri kwenye friza, shafti ya milimita 40 hupungua sehemu 2 tu za mia, na ikitoka inajaa umande. Barafu ya wauza samaki haifiki hata hapo. Moto kwenye kola ni bora.

Kurudisha ndani na kukagua

Weka sili mpya kwenye ekseli, upake mdomo wake grisi. Ingiza shafti kwa mikono miwili bila kuiburuta juu ya sili, la sivyo mafuta ya difu yataishia kwenye breki. Kaza bolti za bamba kwa msalaba, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Zungusha gurudumu kwa mkono: liende laini, lisivume, lisichezecheze.

Baada ya kilomita 50 simama, shika katikati ya rimu zote mbili za nyuma. Vuguvugu ni sawa. Moja ikiwa inakuchoma na nyingine haikuchomi, rudi kwa fundi. Baada ya kilomita 500, inua gari, shika tairi juu na chini, livute na kulisukuma. Angalia ndani ya rimu kama kuna mafuta. Mvumo unaobadilika unapopinda kona ni beringi inayolalamika.

Na kwa wanaoingia majini, iwe mto Tana ukifurika au ufuo wakati wa maji kupwa: ekseli iliyopata moto ikitumbukia kwenye maji baridi hunyonya maji kupitia sili. Liinue bomba la kupumulia la ekseli mpaka juu, na ukirudi osha kwa maji matamu siku hiyo hiyo.

Maswali ya kumuuliza fundi

Jamaa wa Kipini aliniuliza mwishoni: sasa nizipeleke Thika? Nikamjibu hakuna haja. Mombasa ina karakana za meli na viwanda vya chuma tangu enzi, presi zipo Changamwe, na Miritini kuna kiwanda kinachounganisha magari. Kilichonifaa Thika na Ruiru si mashine, maana presi ni presi. Ni desturi ya kupima kwanza.

Kwa hiyo kabla hujamwachia mtu shafti yako, muulize haya manne. Una maikromita, nione ukipima? Kola ni mpya? Presi yako ina geji? Beringi utaisukuma kwa pete ipi?

Akijibu yote bila kukasirika, mwachie. Akicheka na kusema kazi hii ameifanya miaka 20 kwa nyundo, mshukuru, chukua shafti yako, uende zako. Jamaa yangu alipata fundi wa tatu. Alinitumia picha ya maikromita ikiwa juu ya kikalio, imesoma 40.02, nami nikalala vizuri usiku huo.